Mchezaji Bora na Kondoo wa Mjomba

Wewe mama mwenye mtoto anayesifiwa na watu, sikia habari ya Tabea kisha ujiangalie. Wapo watakaomzuia mtoto wako kwa wivu, na hao utawatambua mapema, maana wivu hauna adabu. Lakini wapo watakaomzuia kwa upendo, sahani mkononi, huku wanacheka. Hao ndio wagumu, kwa sababu mmoja wao anaweza kuwa wewe mwenyewe.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ile miti ya miwati ilipokwisha kufunika vilima vya Njombe. Tabea alikuwa mjane wa Kilutheri, mkulima wa viazi na njegere. Mwanawe wa pekee, Manase, alikuwa kibarua wa kubandua magome ya miwati mchana, na jioni alikuwa winga wa kulia wa timu ya Njombe. Nikisema winga wa kulia sijasema kitu. Waliomwona ndio wanaojua.

Watu walidhani alizaliwa na miguu ile. Tabea alijua ilikotoka. Manase alipokuwa mdogo hakukuwa na uwanja karibu na kwao. Kulikuwa na shamba la viazi la mama yake, limepigwa matuta, linateremka mpaka mtoni. Mtoto akafunga mpira wa matambara akacheza humo humo. Sharti la mama lilikuwa moja: tuta likibomoka, fimbo. Basi akajifunza kuruka tuta bila kuligusa, kutua kwenye mfereji mwembamba kwa mguu mmoja, kugeuka papo hapo asikanyage hata jani. Akakua hivyo. Siku alipowekwa kwenye uwanja ulio sawa, alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mabeki walikuwa wakimkimbilia pale alipo, naye alikwisha kuwa pengine.

Tabea alikwenda kumwona mara moja tu, timu ya Iringa ilipokuja Njombe. Alijifunika khanga usoni akaacha upenyo wa jicho moja. Mwanamke aliyesimama karibu naye akamcheka.

"Mama, mbona unajificha? Unamwogopa nani?"

"Yule mwenye mpira. Namwogopea miguu."

"Huyo? Wewe tulia. Waache Wairinga ndio waogope."

Na kweli. Kulikuwa na beki mmoja wa Iringa, mtu mrefu, mwenye njumu ngumu za ngozi. Manase, miguu mitupu, akampita. Badala ya kwenda golini akamngoja arudi, akampita tena upande wa pili. Mara ya tatu yule beki alikaa chini kwenye majani, akanyoosha miguu, akacheka kwa sauti kama mtu aliyesimuliwa jambo. Watu wa Iringa wenyewe walipiga makofi. Tabea alishusha khanga bila kujua kama ameishusha.

Lakini nje ya uwanja Manase alikuwa mtu mwingine. Uwanjani hakuna aliyeweza kumshika. Nje ya uwanja kila mtu alimshika. Mzee akimwambia kaa, alikaa. Bibi akimwambia nipasulie kuni, alipasua, hata kama timu imekwisha kuingia uwanjani. Hakujua kusema hapana. Neno hilo hakufundishwa na mama yake, na mama yake alijivuna kwa jambo hilo. "Mwanangu ana heshima," alikuwa akiwaambia wenzake wakitoka kanisani. Na wenzake walikubali, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Mwaka huo timu ya jimbo, Manase akiwemo, ilikwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya majimbo. Kombe hawakulipata. Walirudi, wakapokewa vizuri, mambo yakaisha. Hapo ndipo siku moja Sila akaja mbio akipanda kilima kwenda kwa Tabea. Sila alikuwa karani wa bomani, na ndiye aliyekuwa golikipa wa timu ya Njombe. Alifika jasho linamtoka ingawa ilikuwa Juni na umande ulikuwa bado mweupe juu ya majani.

"Kamwene, Mama Manase! Mtoto wako amewapita wote!"

"Kamwene. Amempita nani? Nimemtuma kuni."

"Amepita Tanganyika nzima, mama! Wamemchagua Mchezaji Bora wa Mwaka. Si wa Njombe, si wa jimbo. Tanganyika! Simu imeingia bomani asubuhi hii. Atapewa kikombe cha fedha chenye jina lake, mbele ya watu wote, uwanjani Dar es Salaam."

Tabea alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kinu. Kwanza alishukuru Mungu. Halafu, kama ilivyo tabia yake, akaanza kuogopa.

"Kwani lazima aende mwenyewe? Hawawezi kukileta?"

"Ndiyo masharti yao, mama. Jumamosi, kabla mechi haijaanza, awe amesimama pale. Asipokuwepo, anapewa wa pili wake, mtu wa Tanga, na jina linaloandikwa ni la huyo wa Tanga. Sasa sikiliza vizuri. Basi la Relwe, la watu wa reli, linapita Makambako Jumatano mchana. Hilo ndilo litakalotufikisha Dodoma kwa wakati wa treni. Likitupita, hakuna jingine mpaka kikombe kimekwisha kwenda Tanga. Lakini usihofu, nimekwisha kuzungumza na dereva wa lori la barua. Jumanne alfajiri anatuchukua, mimi na Manase. Tunalala Makambako, tunalingoja basi tumekaa."

Ungesikia mpango kama huo ungesemaje? Ungesema asante. Tabea alisema, "Hapana. Atawaaga ndugu kwanza."

"Mama, ataaga akirudi. Atakuwa na kikombe, kuaga kutanoga."

"Baba yake alisema hivyo hivyo."

Habari ya baba yake Manase ilijulikana. Yosefu, mume wa Tabea, alipanda lori la manamba kwenda kwenye mashamba ya mkonge, zamani, Manase akiwa bado mgongoni. Aliondoka asubuhi moja kwa haraka, akasema nitawaaga nikirudi. Hakurudi. Homa ilimuua huko huko. Na msibani dada zake Yosefu walisema mbele ya Tabea, tena walirudia: alikwenda kimya, hakuna mkono uliomshika, angerudije? Tangu hapo Tabea hakuweza kumtuma mtoto hata sokoni bila kumpitisha kwa ndugu. Alilijua Neno la Mungu, alisali asubuhi na jioni, lakini maneno yale ya msibani yalikuwa yamekaa mahali ambapo mahubiri hayakufika.

Basi Sila alipanda lori la barua na masanduku, yake na ya Manase. Manase akapanda baiskeli, mama yake akakaa nyuma kwenye keria. Njia ya kutoka Njombe mpaka Makambako ni ndefu na ina vilima, lakini kijana yule alikuwa na miguu. Wangekwenda moja kwa moja, Jumanne jioni wangekuwa Makambako, wanakunywa chai na Sila.

Hawakwenda moja kwa moja. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shangazi Yudita, dada yake marehemu Yosefu. Shangazi alitoka nje amejifunga kibwebwe, akamkumbatia Manase, akalia, akacheka, akalia tena.

"Mwanangu wa kaka yangu! Unakwenda kushikana mkono na wakubwa na mkono wenyewe haujala! Ingia."

"Kidogo tu, wifi," alisema Tabea. "Tuna safari."

"Kidogo ndiyo nini? Viazi viko motoni."

Viazi vikaiva, vikaliwa na maharage. Baada ya viazi ikaja togwa. Baada ya togwa ikaja sala, na shangazi Yudita akisali hana haraka. Walipoondoka kulikuwa na kuku amefungwa miguu kwenye usukani wa baiskeli.

Nyumba ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Habari ilikuwa imewatangulia, sijui ilipita wapi. Watu waliokuwa hawamo kabisa katika hesabu ya Tabea walisimama njiani wakishika baiskeli. "Mnatupita sisi? Sisi si watu?" Na Tabea, kila aliposikia neno hilo, aliona msiba wa mumewe mbele ya macho, akateremka. Alikaa alipoambiwa kaa, alikula alichopewa, alishukuru kwa mikono miwili. Lakini akiwa amekaa kwenye kigoda, mguu wake wa kulia ulikuwa ukisogeasogea chini, unagusa kitu ambacho hakipo. Tabea aliuona mguu ule. Akajifanya hakuuona.

Jua likatua wangali mbali. Walilala kwa watu wa jamaa, na Jumatano asubuhi wakaondoka ukungu haujafunguka. Nyumba iliyobaki ilikuwa moja, lakini ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa nyumba ya mjomba Abrahamu, kaka yake Tabea, huko Kitandililo, nje kidogo ya Makambako.

Kwa Abrahamu usingeweza kupita kwa kupunga mkono. Yosefu alipokufa, Abrahamu ndiye aliyewapokea mjane na mtoto. Ndiye aliyempeleka Manase shule ya misheni. Manase alipovunjika mkono utotoni, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali ya Ilembula, akalala sakafuni kando ya kitanda chake. Mtu wa namna hiyo anastahili heshima yake, na Abrahamu mwenyewe alijua kwamba anaistahili.

Walimkuta amesimama kwenye ua, koti lake la Jumapili mwilini, kondoo dume kashikwa kwa kamba. Mkewe, Fidelia, alikuwa amekwisha kuwasha moto, sufuria kubwa iko juu, maji tu ndani yake.

Hapa mgeni asiye wa kwetu angeshangaa. Maji yanachemka, mgeni ameingia, na kondoo yu hai anatafuna majani! Lakini ndivyo desturi ilivyokuwa kwa wazee wale. Mnyama wa heshima hachinjwi mgeni hajamwona. Mgeni lazima aonyeshwe, amguse mgongoni, ajue kwamba huyu mzima, mwenye afya, ametolewa kwa ajili yake. Kumchinja kabla ni kama kumpa mtu nyama iliyobaki. Na mgeni akikwisha kumgusa mnyama, haondoki mpaka amekula. Hilo halikuhitaji kusemwa.

"Mwone, mpwa wangu," alisema Abrahamu kwa furaha. "Nimekungoja tangu jana jioni. Watoto wamelala macho wazi. Ndiye huyu."

Manase alimgusa kondoo mgongoni. "Asante sana, mjomba."

Kisu kikafanya kazi yake. Tabea alitazama jua. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka wote, na jua lilikuwa juu kuliko alivyotaka.

"Kaka," alisema polepole, "basi la mtoto linapita mchana."

"Basi ni chuma. Chuma hakioni njaa."

"Chuma hakingoji pia."

"Mimi nilingoja," alisema Abrahamu, akaendelea kuchuna.

Wanaojua kondoo dume mzee wanajua nyama yake. Haiivi kwa kubembelezwa. Fidelia alichochea moto, akafunua, akachoma kwa kijiti, akafunika tena. Majirani walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wanamsalimu Manase, wanamshika mikono, wanamwambia asimulie habari za Dar es Salaam. Manase akasimulia. Na mguu wa kulia, chini ya kigoda, unakwenda mbele, unarudi nyuma, unakwenda mbele.

Tabea akautazama tena mguu ule, na safari hii hakuweza kujifanya. Aliona matuta yake ya viazi. Alimwona mtoto na mpira wake wa matambara akiruka, jioni baada ya jioni, peke yake, hakuna anayepiga makofi. Miaka yote ile, mguu ule ulikuwa unakwenda mahali. Sasa ulikuwa umefika mlangoni pa mahali penyewe, na nani ameushika? Si beki wa Iringa. Si mtu wa Tanga. Ni yeye, mama, kwa sababu ya maneno ya msibani. Akajiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza: mume wangu aliuawa na nini? Akajijibu: na homa. Mikono ya ndugu zake wote ingemshika, homa ingemuua tu.

Akasimama.

"Manase. Chukua baiskeli."

Manase alimtazama mama yake kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Mama?"

"Chukua baiskeli uende. Wahi basi."

Abrahamu aliweka chini kipande cha nyama alichokuwa nacho. "Tabea, unajua unachosema?"

"Najua, kaka. Nisamehe. Nyama yake nitaila mimi."

"Kondoo huyu sikukuchinjia wewe."

"Mimi ndiye niliyembeba tumboni. Miezi yote ile chakula chake kilipita kinywani mwangu, hakuna aliyelalamika. Leo nacho kipite."

Fidelia akaachia kicheko, akajiziba mdomo haraka kwa upande wa khanga. Abrahamu hakucheka.

"Akitoka kwenye ua huu kabla ya nyama kuiva," alisema, "asiniite mjomba."

Hapo Manase, ambaye alikuwa amekwisha kushika usukani, akasimama. Machozi yalimlenga. "Mama, nitamwachaje mjomba?"

"Kama unavyowaacha mabeki," alisema Tabea. "Nenda!"

Alikuwa hajawahi kumpa mwanawe amri kwa sauti ile, hata zamani za matuta. Manase alimfuata mjomba wake, akapiga goti, akatoa mikono miwili. Abrahamu alitazama pembeni, mikono yake nyuma ya mgongo. Kijana akakaa hivyo kidogo, mikono ikining'inia hewani. Kisha akainuka, akamfungua yule kuku kutoka kwenye usukani, akampa Fidelia, akarukia baiskeli. Keria haikuwa na mtu tena. Wale watoto waliomkimbilia mpaka njiani walirudi wakisema hata vumbi lake hawakuliwahi.

Sasa Tabea akabaki. Jamani, kubaki nako ni kazi. Alikaa kwenye kigoda cha mwanawe. Hakuna aliyemsemesha. Nyama ilipoiva, Abrahamu mwenyewe alimpakulia: maini, kidari, mguu mzima wa mbele, na ugali wa ulezi juu yake kama kichuguu.

"Kula basi," alisema. "Anayekula kwa niaba ya mtu anamaliza."

Tabea akala. Nyama ilikuwa bado ngumu. Alitafuna mpaka taya zikauma. Alilegeza kibwebwe akala tena. Majirani waliokuja kumwona Mchezaji Bora wa Tanganyika walikaa wakimtazama mama yake akipambana na kidari. Mmoja wao akanong'ona, "Huyu naye angefaa kuwa beki," na wenzake wakainamisha vichwa ili Abrahamu asiwaone wanacheka. Tabea alisikia, hakujali. Kila tonge alilomeza alilihesabia kilima: sasa amepanda kile, sasa anateremka, sasa anaona mabati ya Makambako. Akamaliza. Akanawa mikono, akamshukuru kaka yake kwa mikono miwili. Abrahamu aliitikia kwa kichwa tu, akaingia ndani.

Tabea alitembea mpaka Makambako, tumbo zito, moyo mzito zaidi. Pale njia panda alikuta mgahawa wa mzee mmoja, Agustino, na nje ya mgahawa baiskeli yao imelazwa chini.

"Kamwene, mzee. Mwenye baiskeli hii yuko wapi?"

Agustino alimtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye mama wa yule kichaa?"

"Ndiye mimi. Alilipata basi?"

"Keti kwanza."

"Siketi. Nimeketi tangu jana. Alilipata?"

"Mama, sikiliza nilivyoona. Basi lilikwisha kufika. Kulikuwa na karani hapa, kijana wa bomani. Dereva anamwambia, bwana, panda twende. Karani anasema, sanduku langu liko juu, lina dawa yangu, lishusheni. Likashushwa. Akafungua, akachungulia, akasema, ah, kumbe dawa ninayo mfukoni, lipandisheni. Likapandishwa. Akaenda chooni. Akarudi, akasema kofia imebaki chooni. Dereva akaja juu, akamwuliza, wewe bwana, kazi yako hasa nini? Akasema, golikipa. Nasi hapa tumeanguka kwa kicheko, maana wote tunajua golikipa akitaka kupoteza muda alivyo."

"Mzee, mwanangu!"

"Nakuja. Mwishowe dereva akakataa. Karani akapandishwa kwa nguvu, basi likaondoka, lile linatembea. Mara nikaona vumbi linakuja njia ya Kitandililo. Kijana anakanyaga pedali kama anafukuzwa na nyuki. Akafika hapa, akanitupia baiskeli, hakusema hata hodi, akakimbia. Miguu mitupu, mama! Basi linaongeza mwendo naye anaongeza. Kuna ng'ombe njiani, akawapita kushoto, akawapita kulia, hata mkia haukumgusa. Akashika ngazi ya nyuma, akapanda mpaka juu ya paa, kwenye mizigo. Abiria walipiga kelele, sisi tulipiga kelele. Mimi ni mzee, nimeona mengi hapa njia panda. Mbio kama zile sijaziona."

Tabea akaketi. Agustino akamletea chai na maandazi. Akayatazama yale maandazi, akayasukuma taratibu kando, akacheka mpaka akalia.

Jumamosi ile yeye alikuwa shambani. Habari za Dar es Salaam alizisikia baadaye kutoka kwa Sila, naye Sila alizisimulia kila alipokutana na mtu, kwa hiyo watu wote wa Njombe wanazijua. Uwanja ulijaa. Mkubwa wa Serikali alisimama na kikombe, akanyoosha mkono mmoja kukitoa. Wachezaji wengine waliopewa medali walitangulia wakapokea kwa mkono mmoja, wakapunga hewani. Manase alipoitwa alikwenda polepole, akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili kama anavyopokea bakuli la togwa kwa shangazi yake. Watu wa mjini walianza kucheka. Kicheko hakikufika mbali. Yule mkubwa alibadilisha, akashika kikombe kwa mikono yake yote miwili, naye akainamisha kichwa. Uwanja ukasimama. Kisha mechi ikaanza, na Sila anasema aliyekuwa wa pili, yule mtu wa Tanga, baada ya mechi alimtafuta Manase, akamwuliza, "Kwenu mnajifunzia wapi kuruka vile?" Manase akamwambia, "Kwenye viazi vya mama." Yule wa Tanga alidhani anataniwa.

Siku ya kurudi, Njombe yote ilitoka. Kwaya ya usharika ilisimama barabarani tangu asubuhi, watoto wa shule wamepangwa mistari, shangazi Yudita yuko mbele amevaa nguo mpya. Na Tabea yuko pembeni, ananyoosha shingo. Lori la barua likatokea kwenye kona, kwaya ikapaza sauti. Lori likasimama. Akashuka Sila peke yake.

Tabea akamkimbilia. "Mwanangu yuko wapi?"

Sila alivua kofia. Alikuwa anajizuia kucheka. "Mama, tulishuka Makambako salama. Nikamwambia, twende Njombe, watu wanangoja. Akasema, mimi kwanza Kitandililo. Nikamfuata. Tukamkuta mjomba wake kwenye ua. Mzee hakumsalimu. Aliingia ndani akafunga mlango. Manase akakaa chini pale nje, kikombe mapajani, akangoja. Jua likaenda, yeye anangoja. Sikuwahi kuona mtu mwenye kikombe cha Tanganyika nzima amekaa kwenye vumbi namna ile. Jioni mlango ukafunguka. Mzee akauliza neno moja tu: umekula? Manase akasema, bado, mjomba. Mzee akaita, Fidelia, leteni kamba!"

"Kamba ya nini?" aliuliza shangazi Yudita.

"Ya kondoo wa pili. Leo asubuhi nimemwacha Manase bado anakula. Mzee amesema haondoki mpaka amalize, na akimaliza kuna wazee wa Makambako wanataka kumwona mpwa wake. Amewaambia wote kwamba Mchezaji Bora wa Tanganyika ndiye mtu pekee aliyewahi kutoka nyumbani kwake na njaa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemruhusu."

Watu walicheka, wengine walinung'unika, maana wamesimama tangu asubuhi. Mwalimu wa kwaya alimgeukia Tabea. "Mama Manase, tufanyeje? Tutume mtu akamlete?"

Tabea alijifunga khanga yake vizuri, akatafuta jiwe kando ya barabara, akakaa.

"Mwacheni ale," alisema. "Sasa hana basi."